Ruzuku ya miti ya mtaani inunue kiangazi

Ukifika Mbeya mwezi Februari, huwezi kuamini kwamba mche wa mti unaweza kufa kwa kiu katika mji huu. Mlima Loleza ni kijani hadi kileleni, mitaro ya Mwanjelwa inafurika, na mahindi yamesimama hata kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki kati ya nyumba na nyumba. Mfadhili akija mwezi huo kukagua andiko la majirani wanaoomba fedha wapande miti kwenye mtaa wao, anaona udongo mzuri, anaona mvua, anaona watu wenye ari, anatia saini. Suala la maji halimjii kichwani.

Aje tena Septemba. Vumbi limetanda kwenye barabara za ndani za Ilomba na Isyesye, upepo unavuma tangu asubuhi, nyasi za mlimani zimekauka na sehemu nyingine zimeungua. Tangu Mei haijanyesha mvua ya maana, na haitanyesha hadi Novemba. Miche ya mtaani hufa katika miezi hiyo. Na ikifika miezi hiyo fedha ya ruzuku imeshakwisha: ilinunua miche, ikachapisha fulana na bango, ikalipa gari la kubeba miche na chakula cha siku ya uzinduzi.

Hoja yangu ni kwamba katika Nyanda za Juu Kusini fedha ya ruzuku ya miti ya mtaani inapaswa kwenda kwenye kiangazi. Miche ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii. Mche wa mgrevilea kwenye vitalu vya kando ya barabara huuzwa shilingi mia kadhaa, na kaya nyingi zingeweza kuununua bila kumsubiri mtu. Kinachozishinda kaya ni miezi mitano ya kubeba maji kwa ajili ya mti uliosimama nje ya ua wao, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Nianze na kalenda, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika mapema. Dunia huadhimisha Siku ya Misitu Machi 21, na nchini kwetu hamasa ya kitaifa ya kupanda miti hupamba moto Machi na Aprili. Kwa Tanga, Kilimanjaro au Pwani kalenda hiyo ina mantiki, kwa sababu masika ndiyo kwanza yanaanza. Sisi huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, wakati mwingine Mei. Mche unaotiwa ardhini mwishoni mwa Machi kwetu unapata wiki chache za mvua, halafu unakutana na baridi ya Juni ukiwa bado mizizi yake haijatoka kwenye udongo wa kiriba. Mche uleule ukipandwa Desemba unapata miezi minne ya kuzamisha mizizi kabla ya jua la kiangazi. Wakulima wa miti wa Mufindi na Njombe wanalijua hili vizuri. Nenda Mafinga mwezi Januari uone malori yaliyojaa miche ya misindano (paina). Kufikia Aprili mtu makini ameshamaliza kupanda na anafikiria palizi.

Sasa chukua ruzuku ya kawaida. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mashirika mengi yanayofadhili vikundi hufuata mwaka wa miezi 12 wa namna yake. Andiko linapitishwa, mkataba unasainiwa, akaunti ya kikundi inafunguliwa, fedha zinaingia. Taratibu zikichelewa hata kidogo tu, miche inafika mtaani Machi, ikiambatana na mgeni rasmi. Taarifa ya utekelezaji inaandikwa Mei wakati kila mche bado una majani. Picha zinapendeza. Mradi unafungwa kabla mti haujaonja kiangazi hata kimoja, na kwa mujibu wa karatasi umefanikiwa kwa asilimia mia.

Simlaumu mtu mmoja kwa hili. Hata malengo ya serikali yenyewe huhesabu upandaji: kila halmashauri imeagizwa kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka. Agizo hilo limesaidia kusukuma vitalu na kuamsha shule, na ninaliheshimu. Lakini namba ya miti iliyopandwa ni namba ya siku moja. Halmashauri ikiulizwa miti mingapi ya mwaka juzi bado ipo, jibu linahitaji mtu wa kupita mtaa kwa mtaa akihesabu, na kazi hiyo haina fungu.

Tuhesabu maji kidogo. Mche mchanga wa mtaani, wenye shimo zuri na matandazo ya nyasi, unaweza kuvuka kiangazi kwa lita 10 mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 20 ni lita 400, yaani ndoo kubwa 20 kwa mche mmoja. Mtaa uliopanda miche 200 unahitaji ndoo 4,000. Kwa lugha ya bili ya maji ambayo uniti moja ni lita 1,000, hizo ni uniti 80 kwa kiangazi kimoja, na kwa viangazi vitatu ni uniti 240. Si maji mengi kwa mji. Lakini uniti hizo zinatoka kwenye mita ya nani? Maji ya bomba kwenye mitaa yetu mingi huja kwa mgawo wakati wa kiangazi, na mama anayeamka usiku kukinga ndoo tano za familia hawezi kuulizwa kwa nini hakumwagilia mgrevilea ulioko ng'ambo ya barabara. Maji ya kuoshea vyombo na kufulia yanasaidia, mradi yasiwe na sabuni nyingi au chumvi, na kaya zinazofuga ng'ombe wa ndani zina samadi ya kutosha kwa mtaa mzima. Hata hivyo mpango wa kutegemea maji ya kuoshea vyombo ni mpango wa miche mitano mbele ya nyumba tano. Miche 200 inahitaji tangi, mpira, na mtu anayelipwa kila wiki.

Dodoma wamelielewa hili mapema kwa sababu ukame wao hauna siri. Kampeni ya kuikijanisha Dodoma ilipoanza mwaka 2017, kila mtu alijua kwamba bila boza la maji hakuna mti. Mvua yetu imetuficha jambo hilohilo. Tunaishi kwenye milima inayolisha mito mikubwa, tunaamini kijani kinajiotea, na andiko la mradi linaandikwa bila mstari wa maji.

Kuna watakaosema wakazi wa nyanda hizi hawahitaji kufundishwa kupanda miti, na ni kweli. Shamba la Sao Hill huko Mufindi ndilo shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Kuanzia miaka ya 2000 familia kwa maelfu za Iringa, Njombe na Mbeya zimegeuza vilima vyao kuwa misindano na milingoti (mikaratusi), na mwaka 2014 ulianza mradi wa Panda Miti Kibiashara kwa msaada wa Finland ili kuwapa wakulima hao mbegu bora na vyama vyao. Mtu wa huku akikwambia ana ekari tatu za miti, ujue anajua siku aliyopanda, nani alikata njia ya kuzuia moto, na nani alilishia ng'ombe kwenye shamba lake. Miti hiyo inaishi kwa sababu ina mwenyewe. Mwenyewe huyo ataivuna, ataisomeshea watoto, au ataiuza ikiwa bado imesimama siku akibanwa na ugonjwa.

Mtu huyohuyo, akiwa nyumbani kwake Iyela hapa Mbeya au Kihesa kule Iringa, anapita kila siku karibu na mche uliopandwa na mradi na haugusi. Si mvivu. Mche ule hana nao chochote. Uko kwenye hifadhi ya barabara, umepandwa kwa fedha za shirika, umewekwa alama ya kikundi ambacho yeye si mwanachama, na anajua kwamba siku yoyote unaweza kukatwa bila yeye kuulizwa.

Hofu hiyo ya kukatwa ina msingi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Kutumia eneo hilo kunahitaji kibali cha mamlaka ya barabara. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na nyaya za umeme zina njia yake ambayo TANESCO lazima waisafishe, vinginevyo tawi moja la Novemba linazima mtaa mzima. Mbeya sasa inashuhudia upanuzi wa barabara ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 zinazokatiza jiji lote. Barabara hiyo tuliililia kwa miaka, kwa foleni na kwa misiba ya ajali, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka isimamishwe kwa ajili ya miti. Lakini aliyepanda kando yake bila kuuliza ramani alipanda kuni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kikundi kinapaswa kulifanya, kabla hata ya kwenda kitaluni, ni kukaa na mhandisi wa TARURA wa wilaya na kuomba mchoro: lami itapita wapi, mtaro utakuwa upande gani, bomba la maji limelala wapi, nguzo ziko upande upi. Miti mirefu ipandwe upande usio na nyaya, ile mifupi upande wenye nyaya. Mahali pa kila mche pawekwe kwenye mchoro huo, mchoro ugongwe muhuri, nakala ibaki ofisi ya mtaa. Karatasi hiyo moja inafanya kazi kubwa. Mkandarasi wa lami anapokuja miaka minne baadaye na greda lake, mwenyekiti wa mtaa ana kitu cha kumwonyesha. Bila karatasi ana kelele tu.

Jambo la pili ni kikundi chenyewe, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naamini ndipo miradi mingi inapokwama.

Ruzuku huhitaji kikundi kilichosajiliwa: katiba, akaunti ya benki, watia saini, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji. Masharti hayo ni ya haki. Fedha ya umma au ya mfadhili haiwezi kupewa watu wasiojulikana. Tatizo ni kwamba tangazo la ruzuku linapotoka, watu saba au kumi wenye uwezo wa kuandika vizuri hukutana haraka, wanapeana vyeo, wanajipa jina lenye neno mazingira ndani yake, wanasajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii, wanapata fedha. Wengine mtaani wanasikia habari hizo siku ya uzinduzi. Tangu siku hiyo miti ni ya kikundi kile. Mmoja wao akihamia Makambako kikazi na mwingine akigombana na mweka hazina, kikundi kimekufa, na hakuna mtu mtaani anayeona kwamba urithi wa miche umemwangukia yeye.

Wakati huohuo, kwenye mtaa uleule kuna chombo ambacho hakijawahi kufa: kikundi cha kufa na kuzikana. Kina daftari la kaya zote, wenye nyumba na wapangaji. Kinajua nani amehama na nani ameingia. Kina faini kwa asiyefika msibani, na faini hiyo inalipwa, kwa sababu kila mtu anajua siku yake itafika. Mweka hazina wake ni mtu aliyeaminiwa na michango ya msiba kwa miaka, mara nyingi mama wa makamo asiyehitaji kutafutiwa sifa. Kwenye mitaa mingi ya Mbeya na Iringa hicho ndicho chombo pekee kinachoweza kuitisha watu 80 saa moja asubuhi na wakaja wote.

Kwa nini tunaunda kikundi kipya kila ruzuku inapotangazwa, wakati chombo hiki kipo? Kikundi cha kuzikana kinaweza kusajiliwa kama kikundi kingine chochote cha kijamii na kuongeza kifungu kimoja kwenye katiba yake: kila kaya mwanachama ina mti wake mtaani, umeandikwa namba kwenye daftari, na kaya isiyoumwagilia inalipa faini ndogo kama ile ya kutofika msibani. Kaya iliyofiwa au yenye mgonjwa inasaidiwa zamu yake na jirani, kama inavyosaidiwa kupikia wageni. Sioni ugumu wa kuwaeleza wazee jambo hilo. Watu waliozika pamoja hawahitaji semina ya siku mbili kuhusu ushirikiano.

Wapo wanaopinga kuingiza fedha kabisa. Wanasema kupanda mti ni kazi ya kujitolea, kwamba wazazi wetu walilima kwa zamu shamba kwa shamba na malipo yakawa ulanzi na chakula, na kwamba ruzuku inaua moyo huo. Ninaielewa hoja yao na ninaiheshimu, kwa sababu nimeona watu wakigoma kufagia mbele ya nyumba zao hadi wajue bajeti ni ya nani. Lakini kazi za zamani za pamoja zilikuwa za siku moja au mbili, kisha shamba likabaki mikononi mwa mwenyewe. Kupanda miche Jumamosi ya kwanza ya Desemba ni kazi ya namna hiyo, na kwa hiyo ifanywe bure, kwa jasho, na asilipwe mtu. Kumwagilia kwa wiki 20 mfululizo, viangazi vitatu, ni kazi ya namna nyingine. Vuguvugu la Green Belt lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977 liliwapa akina mama malipo kidogo kwa kila mche uliopona. Yeye hakuona kwamba shilingi hizo zinaharibu moyo wa kujitolea. Aliona kwamba muda wa mama maskini una thamani, na kwamba anayelipwa kwa mche uliopona atauchunga.

Tofauti kati ya kulipia mche uliopandwa na kulipia mche uliopona ndiyo ningependa kuiona kwenye kila mkataba wa ruzuku. Fedha zigawanywe: sehemu ndogo mwanzoni kwa mashimo, samadi, miche na uzio, kubwa zaidi ilipwe baada ya kila kiangazi, kwa hesabu ya miti iliyo hai, ikihesabiwa mbele ya mtendaji wa mtaa mwezi Novemba kabla mvua hazijafunika makosa. Kipindi cha mradi kiwe angalau miezi 36. Najua wafadhili wengine wamefungwa na mwaka wa fedha. Basi wawekeane makubaliano na kikundi kwamba fedha ya maji itunzwe kwenye akaunti yenye watia saini watatu, mmoja akiwa afisa wa kata.

Na risiti. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloamua fedha ziende wapi. Mfadhili anataka risiti ya mashine kwa kila matumizi. Duka la fulana lina mashine. Kampuni ya mabango ina mashine. Mama anayeuza samadi ya ng'ombe wake wawili Uyole hana, kijana wa mkokoteni anayebeba madumu hana, mzee anayesuka uzio wa mianzi hana. Matokeo yake kikundi kinanunua vitu vyenye risiti badala ya vitu vinavyohitajika, na hakuna aliyeiba hata senti. Kama mfadhili angekubali hati za malipo zilizosainiwa na mpokeaji, mashahidi wawili na mtendaji kwa malipo madogo, nusu ya fedha ingebaki mtaani na miti ingenywa maji.

Mtu anaweza kuuliza kama fedha zenyewe zipo. Zipo, si nyingi, lakini kwa mtaa mmoja zinatosha. Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, hutoa ruzuku kwa vikundi na taasisi. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na iliyoanza duniani mwaka 1992, imekuwa ikifadhili miradi ya jamii kwa kiwango ambacho kwa muda mrefu kwa kawaida hakikuzidi dola 50,000. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mti wa kivuli haurejeshi mkopo, kwa hiyo tusiwatume vijana huko kwa jambo hili. Isipokuwa wale wanaotaka kufungua kitalu cha biashara. Hao wana hoja nzuri.

Kuhusu aina ya miti, mjadala huwa mkali na mimi nina upande. Jakaranda zimeipamba miji yetu na Oktoba zikichanua hakuna anayebisha, lakini jakaranda changa haistahimili sakitu, kwa hiyo Njombe na Makete wafikiri mara mbili. Mgrevilea unakua haraka, mizizi yake inakwenda chini na wenyeji wanaujua kutoka mashamba ya chai. Matawi yake huvunjika kwa upepo, basi upogolewe mapema. Mringaringa ni mti wa kwetu, una kivuli kipana na nyuki wanaupenda, na ningependa kuuona zaidi kwenye viwanja vya shule na makanisa ambako pana nafasi. Mlingoti usipandwe mtaani. Unakunywa sana, unaangusha matawi mazito juu ya bati, na tuna sheria inayolinda mita 60 kando ya vyanzo vya maji ambayo tayari tunaivunja kwa milingoti ya kutosha.

Parachichi ndilo linaloleta ugomvi. Kila mtu analitaka, na sababu zao ni nzuri: Rungwe na Njombe zimeonyesha linavyolipa, na mti wenye matunda hautupwi. Lakini mche uliobebeshwa ni wa shilingi elfu kadhaa, unaibwa usiku uleule uliopandwa, na ukikua watoto wanaurushia mawe yanayotua kwenye madirisha. Mavuno ni ya nani? Nimesikia majirani wakinuniana kwa ajili ya mti mmoja wenye matunda kuliko kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Ushauri wangu ni parachichi lipandwe ndani ya ua, mti wa kivuli barabarani, na ruzuku impe kila kaya mche mmoja wa parachichi wa nyumbani kwake kama shukrani ya kuuchunga ule wa nje. Hapo mtu ana sababu mbili za kufungua bomba.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Mwanjelwa, Soweto na Kihesa zina nyumba ambazo vyumba vyote vimepangishwa na mwenye nyumba anaishi kwingine. Mpangaji anayeweza kuhamishwa kesho hawezi kuhimizwa na kivuli cha miaka saba ijayo. Lakini kuna watu wanaokihitaji kivuli leo, na wako palepale kutwa nzima: bodaboda kijiweni, mama lishe, fundi viatu, kijana wa vocha. Bodaboda kumi wanaokaa kona moja wakikabidhiwa miti mitatu ya kona yao, na dumu la maji likilipiwa, sioni mbuzi atakayeikaribia. Sharti liwe moja: wasiipigilie misumari ya mabango.

Mitaa haiko sawa, na ruzuku isijifanye iko sawa. Uzunguni, Forest ya zamani, Gangilonga pale Iringa, miti ilikuwapo tangu viwanja vikubwa vilipogawiwa wachache. Kwenye mitaa iliyobanana, gari likipita mtu anajibanza ukutani, na hapo hakuna nafasi ya mti wa barabarani hata kwa dua. Huko ipandwe kwenye kona, kwenye kituo cha daladala, kwenye gati la maji, msikitini, na idadi iwe ndogo bila kikundi kunyimwa alama kwa sababu hiyo.

Naomba pia maandiko yasiahidi makubwa. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetele uliteremka Itezi, ukafukia nyumba za watu na shule. Tangu hapo neno maporomoko linaonekana kwenye kila ombi la miti jijini. Mti wa mbele ya duka hauzuii mlima. Miteremko ile inahitaji uamuzi wa wapi watu wajenge, mifereji ya kweli, na msitu uliorudishwa juu kabisa, na hizo ni kazi za serikali na wataalamu wake. Miti ya mtaani inapunguza vumbi linalowakohoza watoto Septemba, inavunja upepo, inampa kivuli mgonjwa anayesubiri daladala, na inapunguza kidogo maji yanayokimbilia mtaroni. Hayo yanatosha kabisa kuombewa fedha.

Mtaa unaotaka kupanda Desemba ijayo una kazi tangu sasa. Mchoro na kibali viombwe kabla ya Agosti. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60 yachimbwe Oktoba, ingawa ardhi ni ngumu, yajazwe udongo wa juu na samadi ili yatulie. Uzio wa mianzi au mabanzi usukwe kabla mche haujafika. Daftari lisomwe kwenye kikao, kila kaya ikubali namba yake kwa sauti. Na mfadhili akisema hawezi kulipia maji wala mwaka wa pili, kikundi kisikatae fedha zake. Kipunguze miche kutoka 200 hadi 30, ile ambayo kaya zinaweza kuivusha kwa ndoo zao wenyewe, na kimwandikie wazi kwa nini.